Ufasaha wa mchezaji na dadu ya mhusika: kipi kiamue mazungumzo mezani?

MezaYaIjumaa anauliza:

Ndugu zangu wasimulizi na wachezaji, salamu. Ninaomba ushauri kuhusu jambo linaloigawa meza yetu tangu tulipoanza kampeni ya sasa, yaani mfululizo wa vikao vya kisa kimoja. Tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na msimulizi anaongoza kisa na kuwaigiza watu wengine wote) kwa kanuni za toleo la tano, hapa Nairobi, na mazungumzo yetu yote ni ya Kiswahili. Katika mapigano hatuna ugomvi: dadu ya pande 20 inarushwa, nyongeza ya uwezo wa mhusika inajumlishwa, hesabu inalinganishwa na kiwango cha kufaulu, na kila mtu anayapokea matokeo. Ugomvi huzuka pale wahusika wanapotaka kumshawishi mtu, kumtisha au kumdanganya.

Katika kikao kilichopita, wahusika walitaka kuitoa jahazi iliyozuiliwa bandarini kwa amri ya liwali, na mkuu wa forodha ndiye aliyeshika funguo za lango la maji. Mchezaji mmoja, mzaliwa wa Mombasa mwenye kipaji cha kusema, alimjengea mkuu huyo hoja kwa utaratibu mzuri: kwamba shehena iliyozuiliwa ni nafaka ya mji wake mwenyewe, kwamba ikioza jina litakaloandikwa katika daftari la lawama ni lake wala si la liwali, na kwamba jahazi ikiondoka na maji ya alfajiri hakuna atakayeuliza. Wote tulikuwa tumenyamaza tukimsikiliza. Nilipomtaka arushe dadu, ikaja 3, na kwa kuwa mhusika wake ni mpiganaji mwenye Haiba (alama ya mvuto wa mhusika kwa watu) ya 8, inayompunguzia 1, hesabu yake ilishuka hadi 2. Mkuu wa forodha akakataa. Mchezaji alikaa kimya hadi mwisho wa kikao, na nilielewa kwa nini.

Upande wa pili wa meza yupo mchezaji wa maneno machache, aliyelelewa Minnesota, Marekani, na ambaye bado anakitafuta Kiswahili chake. Mhusika wake ni malenga mwenye Haiba ya 18. Yeye husema tu, "Namshawishi atufungulie," hurusha dadu, na mara nyingi hufaulu. Wenzake hunung'unika kwamba anavuna asipopanda, kwa kuwa hajavaa uhusika hata kidogo. Yeye naye hujibu kwamba alichagua malenga kwa sababu alitaka, walau mezani, kuwa mtu ambaye maneno hayampigi chenga.

Nikifuata maneno peke yake, huyu wa pili hana nafasi kwangu. Nikifuata dadu peke yake, yule wa kwanza hana sababu ya kusema lolote. Ninyi mnapima vipi?

DaduYaZamani anajibu:

Ndugu MezaYaIjumaa, mimi ni wa upande wa maneno, na nitaeleza kwa nini. Mchezo huu ulipochapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, hapakuwa na ujuzi wowote ulioitwa ushawishi. Haiba ilikuwepo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuamua mhusika anaweza kuwa na wafuasi wangapi na watamtii kwa kiasi gani. Dadu za mazungumzo zilikuwepo pia, ila ziliulizwa swali jingine kabisa. Msimulizi alirusha dadu mbili za pande 6 ili kujua kiumbe ambacho kundi limekutana nacho kinalipokeaje pendekezo lake: 2 ikawa ni shambulio, 12 ikawa ni kukubali kwa moyo mkunjufu, na katikati palikuwa na uadui, mashaka au kuridhia. Yaliyobaki yalitegemea wachezaji watasema nini na watatoa nini.

Naona hekima kubwa katika mpango huo, kwa sababu dadu ilijibu jambo ambalo kweli hakuna aliyelijua mezani, yaani huyu mgeni ameamka na moyo wa namna gani leo. Haikuingia kati kuhukumu hoja ambayo wote tumeisikia kwa masikio yetu. Mkuu wa forodha wako ameambiwa kwamba lawama zitamwangukia yeye. Ama hoja hiyo inamgusa mtu wa tabia yake, ama haimgusi, na wewe uliyemuumba ndiye unayejua. Ukiirushia dadu ni kama kusema hukusikia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1991 Erick Wujcik alichapisha Amber Diceless, mchezo usio na dadu hata moja, ambamo hata upanga huamuliwa kwa uwezo wa wahusika na maamuzi ya wachezaji. Sikuombi ufike huko. Ninachokuomba ni urushe dadu mwanzoni mwa mkutano ili kuujua moyo wa mtu, kisha uiweke chini na umsikilize mchezaji.

BintiPwani anajibu:

Mzee DaduYaZamani, nakubaliana nawe kuhusu mwanzo wa mkutano, lakini siwezi kukufuata hadi mwisho, kwa kuwa katika mpango wako yule ndugu wa Minnesota amekwishafungiwa nje. Meza ikiamuliwa kwa ufasaha, anayetawala ni yule aliyezaliwa na ulimi mwepesi, kikao baada ya kikao, awe amechagua malenga au mchimba makaburi. Kwa meza za Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Mezani kwangu hukaa mtu wa Tanga, mtu wa Lubumbashi na vijana wawili waliosoma Kiswahili shuleni wakiwa ughaibuni. Wa Tanga akianza kujibizana, wengine hawawezi hata kuingiza neno. Hakufanya kosa lolote, lakini kama nitamlipa kwa lafudhi na methali zake, nitakuwa nimewaambia wale watatu kwamba hawafai kuwa wasemaji hata katika ndoto.

Watu husema, na wanasema kweli, kwamba hatumtaki mchezaji anyanyue upanga wa kweli ndipo mhusika wake apige, basi kwa nini tumtake awe msemaji wa kweli? Ila hoja hiyo ina nusu ya pili ambayo wengi huisahau. Katika mapigano mchezaji hanyanyui upanga, lakini bado huamua: asimame wapi, ampige nani kwanza, ahifadhi nguvu zake za uchawi au azitumie sasa. Hakuna msimulizi anayekubali mchezaji aseme tu, "Nashinda vita," kisha arushe dadu. Mazungumzo nayo yatendewe hivyo hivyo. Usimdai mchezaji ufasaha, mdai uamuzi. Unazungumza na nani? Unataka afanye nini hasa? Unamgusia nini, hofu yake, tamaa yake au heshima yake? Unampa nini, na unamficha nini? Mtu wa maneno machache anaweza kuyajibu yote hayo kwa sentensi mbili zisizo na pambo: "Malenga wangu anamkumbusha kwamba nafaka ikioza lawama ni zake. Anamwahidi kwamba jina lake halitatajwa." Hapo amekwishacheza. Sauti, ishara na mashairi ni ya malenga.

Mfano wetu wa kila siku ni posa. Mwenye kuoa ndiye anayejua anamtaka nani, mahari atatoa kiasi gani na jambo gani lisitajwe mbele ya wakwe, lakini anayekwenda kusema ni mshenga. Mchezaji ni mwenye posa na mhusika ni mshenga wake. Dadu inapima jinsi mshenga alivyoifikisha posa, na posa yenyewe inapimwa na wakwe.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu kanuni unazozitumia zina njia ya kuvitenganisha vitu hivi viwili, na wengi huiruka. Mwongozo wa msimulizi wa toleo la tano, uliotoka mwaka 2014, unataka uamue kwanza kama mtu huyo ni rafiki, hana upande, au ni adui. Kisha mazungumzo yanachezwa, na yakimgusa mahali panapostahili, unaruhusiwa kumsogeza ngazi moja kwa muda huo. Mwishoni kabisa ndipo dadu inapoingia. Asiye na upande hukubali kujiweka katika hatari ndogo pale tu hesabu inapofika 20, lakini rafiki hukubali hatari hiyo hiyo kwa 10.

Tumchukue mkuu wa forodha kuwa mtu asiye na upande, na kufungua lango kinyume cha amri kuwe hatari ndogo kwake. Mpiganaji wa Haiba ya 8 ana nyongeza ya kutoa 1. Kwa kiwango cha 20 hawezi kufaulu hata dadu ikimpa 20, kwa sababu atapata 19. Lakini hoja ile ya daftari la lawama ikimsogeza mkuu awe rafiki, kiwango kinashuka hadi 10, na mpiganaji anahitaji dadu ya 11 au zaidi, yaani nafasi ya asilimia 50. Malenga wa Haiba ya 18, mwenye nyongeza ya 4 na nyingine ya 2 kwa ujuzi wake wa ushawishi, ana asilimia 35 akiropoka tu, na asilimia 85 akiileta hoja ile ile. Maneno ya mpiganaji yametoka kwenye sifuri hadi nusu, na malenga bado ana faida aliyoilipia alipomuumba mhusika wake. Ndugu wa Minnesota naye amepata sababu ya kufikiri kabla ya kushika dadu.

Kanuni zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2024 zimeongeza jambo moja ninalolipenda. Mtu aliye tayari kukubali hukubali bila dadu. Asiyetaka kabisa hukataa bila dadu, hata mbele yake asimame malenga wa Haiba ya 20. Dadu ni ya anayesitasita tu, na kiwango chake ni 15 au alama ya Akili ya mtu huyo, ikiwa alama hiyo inazidi 15. Kwa hiyo hoja ikiwa nzito kiasi kwamba huoni namna mkuu wa forodha angeikataa, mfungulie mchezaji lango na uendelee na safari.

MezaYaIjumaa anauliza tena:

Ahsanteni sana, mzee wangu na dada yangu. Suala la kudai uamuzi badala ya ufasaha limenipa njia ya kuzungumza na pande zote mbili. Yamebaki mambo mawili. La kwanza, dadu irushwe lini? Ikirushwa baada ya hotuba, na hotuba ikawa nzuri, dadu ya 3 inakuwa kama tusi. Ikirushwa kabla, mchezaji anasema nini tena na matokeo yamekwishajulikana? La pili ni kwamba mmoja akishindwa, wengine watatu hujitosa mmoja mmoja, "Basi nami najaribu," hadi mmoja afaulu. Nifanyeje?

KisaNaHesabu anajibu:

Ndugu MezaYaIjumaa, nianze na hilo la pili kwa kuwa ni la hesabu tupu. Mtu mwenye nafasi ya asilimia 25 akijaribu peke yake, hiyo ndiyo nafasi yake. Wanne wenye nafasi hiyo wakijaribu kwa zamu, nafasi ya kwamba walau mmoja atafaulu inapanda hadi takriban asilimia 68. Bila kukusudia, umegeuza jambo gumu kuwa jambo jepesi, na mkuu wa forodha ameonekana mtu asiye na msimamo. Mchezo wa Burning Wheel una kanuni ninayoipendekeza kwa meza yoyote: matokeo ya mrusho mmoja hubaki hadi hali yenyewe ibadilike. Anayetaka kujaribu tena alete kitu kipya, barua ya liwali, siri ya mkuu, au fedha. Wenzake wanaotaka kusaidia wasaidie kabla ya dadu kurushwa, kwa kuchangia hoja, na msemaji arushe dadu mbili achukue iliyo kubwa. Kwa mpiganaji yule anayehitaji 11, hilo linampandisha kutoka asilimia 50 hadi 75.

Kuhusu wakati wa kurusha, mimi hurusha katikati. Mchezaji aanze kusema kwa sauti ya mhusika wake au kwa kueleza, kadiri apendavyo, hadi niwe nimeielewa hoja na ninaona mahali ambapo jibu linaweza kwenda huku au kule. Hapo namsimamisha, tunataja kiwango, na ninasema wazi mbele ya wote nini kitatokea akishindwa. Dadu inarushwa. Kisha sote wawili tunaigiza kilichobaki tukiwa tunayajua matokeo. Wapo wanaodhani kwamba hapo utamu umekwisha, lakini nimeona kinyume chake: mchezaji anayejua kwamba atashindwa huigiza kushindwa huko kwa moyo wote, jambo ambalo hawezi kulifanya ikiwa dadu imemshtukiza baada ya kumaliza hotuba aliyoitungia matumaini.

Lakini kiini cha malalamiko ya mchezaji wako, nadhani, kiko katika namna tunavyoitafsiri dadu ndogo. Wasimulizi wengi wakiona 3 husema mhusika aliteleza ulimi, au aliongea kipumbavu. Hilo ni kosa, kwa sababu maneno ya mchezaji yamekwishatoka na sote tumeyasikia, nayo yalikuwa mazuri. Yaache yabaki mazuri. Itafute sababu ya kushindwa katika ulimwengu: mkuu ameguswa na anatamani kufungua, lakini jana karani wake alikamatwa kwa kosa kama hilo, au mpelelezi wa liwali amesimama hatua chache kutoka hapo na amesikia kila neno. Sasa wachezaji wamekosa lango ila wamepata habari, na hotuba imeacha alama katika kisa. Mchezaji hajanyang'anywa chochote.

Tena si lazima kila jibu liwe ndiyo au hapana. Apocalypse World, mchezo wa Vincent Baker uliotoka mwaka 2010, hutumia dadu mbili za pande 6: 10 na zaidi ni kufaulu kamili, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama, na 6 kushuka chini humpa msimulizi nafasi ya kuleta balaa. Asiye na nyongeza hufaulu kikamilifu kwa asilimia 17 hivi na kupata balaa kwa asilimia 42. Mwenye nyongeza ya 2 namba hizo hubadilishana nafasi. Ile ngazi ya katikati hubaki asilimia 42 kwa wote wawili, na hapo ndipo visa vizuri vinapozaliwa, kwa sababu mkuu wa forodha anafungua lango kisha anadai nafasi ya mwanawe ndani ya jahazi. Ngazi ya namna hiyo unaweza kuiazima katika toleo la tano bila kubadilisha kanuni nyingine: atakayekosa kiwango kwa alama 1 au 2 apate alichotaka kwa bei asiyoipenda.

Neno langu la mwisho ni kuhusu pazia la msimulizi, yaani kizuizi anachokisimamisha mezani ili wachezaji wasione dadu zake. Wengi hurusha dadu nyuma yake, wakaibadilisha wanapoona haifai. Mimi siwezi kukushauri hivyo. Ikiwa hauko tayari kuipokea 3, usiombe dadu irushwe, mpe mchezaji alichostahili kwa hoja yake. Wachezaji wakijua kwamba dadu huheshimiwa kila inaporushwa, huanza kuhangaikia hoja, ili wasifike kwenye dadu wakiwa na nafasi ndogo.

DaduYaZamani anajibu:

Bintiyangu BintiPwani ameniambia la haki kuhusu ndugu wa Minnesota, nami nalipokea: hoja iliyoelezwa kwa sentensi mbili na isemwe kuwa ni hoja. Nitaongeza pia kwamba kuna wachezaji ambao ukimya wao hautokani na lugha. Wengine huhitaji kusikiliza kikao kizima kabla ya kusema, na msimulizi anayemgeukia mtu ghafla na kumtaka aigize mbele ya wenzake anaweza kumpoteza mtu huyo kabisa. Muulize faraghani, kabla ya kikao, angependa kusema kwa sauti ya mhusika au kwa kueleza.

Ninaposhikilia msimamo wangu ni pale ushawishi unapoelekezwa kwa mhusika wa mchezaji mwingine. Malenga wa Haiba ya 18 atakapotaka kumshawishi mpiganaji ampe fungu lake la dhahabu, msikubali dadu irushwe kabisa. Mkuu wa forodha ni wako, MezaYaIjumaa, na unaweza kumwamulia moyo wake kwa hesabu yoyote. Mpiganaji ana mwenyewe, na mwenyewe yuko hapo hapo mezani. Mchezaji aelezwe hoja, naye aamue kama mhusika wake amekubali au amekataa. Kama anapenda kuitumia dadu ili imsaidie kuamua, airushe yeye kwa hiari yake, asirushiwe na mwingine. Meza yenu itakapoanza kufuata ngazi za urafiki na uadui alizozieleza BintiPwani, litangaze jambo hili siku hiyo hiyo, kwa sababu mtu akishajua kwamba ushawishi una namba, haitachukua muda kabla hajamjaribu nayo mwenzake.